Hakukuwa na Risasi ya Pili

Ganda la kwanza lilikuwa bado la moto.

Mama Kitako alilikuta saa nane mchana, aliporudi karakana baada ya chakula. Lilikuwa limelala juu ya meza ya kazi, katikati ya vumbi la msasa. Juu yake, kwenye vigingi viwili vya ukutani, bunduki kuukuu ya mumewe ilikuwa imefunguliwa katikati, mtutu umeinama chini kama mtu anayetapika. Aligusa ganda kwa kidole, akaurudisha mkono haraka. Akanusa. Baruti, ndiyo. Lakini ndani ya baruti palikuwa na harufu nyingine, ya majani mabichi yaliyopondwa.

Na hakuna aliyesikia mlio. Walikuwa chumba cha pili, yeye na mumewe, mlango wazi, wakila.

"Mzee," aliita. "Umefyatua hii?"

Mumewe alikuja mlangoni akijifuta mikono. Aliitazama bunduki, akatazama ganda, kisha akawa kama hatazami chochote.

"Nifyatue saa ngapi? Si nilikuwa nawe mezani?"

"Basi hili limetoka wapi?"

"Labda la mteja."

"La mteja lina moto?"

Mumewe alilichukua ganda kwa kitambaa, akatoka nalo nje, na Mama Kitako akasikia kifuniko cha pipa la taka kikianguka.

Walikuwa wametengeneza bunduki za watu katika karakana ile kwa miaka thelathini na sita. Mume alishika chuma, mke alishika mbao. Yeye alikuwa binti wa seremala, na aliweza kumtazama mtu akiingia mlangoni tu akajua kitako cha bunduki kilichomfaa bega lake. Jina lake lilikuja lenyewe. Wateja wageni walipolisikia mara ya kwanza waliinama wasicheke, naye aliwaambia, "Cheka tu, mwanangu. Hata mimi ningecheka. Haya, lete bega nipime."

Mumewe walimwita Mzee Moja. Alikuwa mwindaji kabla ya kuwa fundi, na maisha yake yote aliwinda kwa bunduki ya risasi moja, ile inayofunguliwa katikati, ikalishwa risasi kwa mkono, ikafungwa kwa sauti ndogo ya kuridhisha kama kifuniko cha sanduku zuri. Tena aliingia porini na risasi moja tu kwenye mfuko wa shati. Ya pili aliiacha nyumbani makusudi. Vijana walikuja na bunduki zao za kisasa zinazomeza risasi tano, zimekwama hapa au pale, na wakati wakisubiri walianza kuishika ile kuukuu, kuipima uzito, kuifungua na kuifunga. Baada ya mwezi walirudi kuuliza watapata wapi kama ile.

"Yako inakufundisha kukosa mara nne," Mzee Moja aliwaambia. "Hii inakulazimisha ukae chini. Utulie. Umtazame mnyama mpaka umjue. Na yeye ana nafasi yake, ukikosa anaenda zake, mmeheshimiana."

Wengine walikuja kwa maneno hayo tu.

Halafu, miaka mitatu iliyopita, aliacha. Alirudi jioni moja mikono mitupu, bila koti lake, akasema macho yamechoka. Akaivingirisha bunduki katika blanketi, akaipandisha juu ya kabati. Mkewe hakuuliza sana. Mwaka uliotangulia walikuwa wamempoteza binti yao wa pekee, muuguzi, aliyepelekwa kazini mbali sana wakati wa ugonjwa wa mlipuko. Walipata barua ya mistari mitatu. Alizikwa huko huko na watu waliofunika nyuso. Mama Kitako aliiandikia hospitali ya huko tena na tena akiuliza jambo moja, nani alikuwa naye mwishoni, na hakujibiwa. Kwa hiyo huzuni ilikuwa imejaa nyumba ile, na hakuna aliyegundua kuwa nyingine imeongezeka.

Bunduki aliishusha yeye mwenyewe, wiki moja kabla ya lile ganda la kwanza. Alitaka kumfurahisha mumewe. Kitako alikichonga yeye, siku za uchumba wao, na sasa kilikuwa kimekauka kama mfupa. Kulikuwa na doa jeusi ubavuni mwake, dogo kuliko kiganja, ambalo baada ya miaka yote hiyo bado lilinata. Alilisugua kwa msasa asubuhi nzima. Vumbi la kahawia lilitanda karakana, likamwingia puani, akapiga chafya mara saba. Kisha akapaka mafuta, akaitundika.

Mumewe alipoiona alikaa chini, sakafuni.

"Nani amekwambia uishushe?"

"Nimekutengenezea. Si ulikuwa unaipenda?"

"Asante," alisema Mzee Moja, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba.

Siku ya pili lilikuja ganda jingine. Siku ya tatu, jingine. Kila siku saa nane, bunduki ilikutwa wazi, ganda juu ya meza, moto, na ile harufu ya majani. Walijaribu kuifunga kwa waya. Waya ulikutwa umekunjwa vizuri pembeni, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Walijaribu kukaa nayo, macho makavu, wakiitazama. Mume akapepesa, mke akapepesa, na ilikuwa wazi. Usiku kila mmoja alilala akisikiliza pumzi za mwenzake. Mke aliwaza, labda amepatwa na wazimu, ananichezea. Mume hakuwaza hivyo, lakini mke hakujua bado.

Siku ya sita alikuja mpima ardhi, mteja wao wa zamani, kuchukua bunduki yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imekwisha, subiri niipanguse."

"Mama, yule mgeni wenu pale getini mbona hamumkaribishi? Nimempita amesimama tu. Anaonyesha kwa mkono, hivi." Akashusha kiganja mpaka usawa wa paja lake. "Anaulizia mtoto wa kimo hiki."

Mama Kitako aliacha kupangusa. "Mgeni gani?"

"Mwanamke. Amesimama kwenye yale majani marefu, miguu sikuiona."

Mpima ardhi alicheka kidogo, akaona hakuna wa kucheka naye, akageuka kutazama kupitia mlango ulio wazi. Getini palikuwa na saruji. Ilikuwa saruji toka ukutani mpaka barabarani, waliimwaga wao wenyewe, hapakuota hata jani moja. Aliichukua bunduki yake bila kuikagua, na alipofika getini alipita pembeni kabisa, akiuburuza mgongo wake ukutani.

Mzee Moja alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Unamjua?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimjue wapi?"

"Nimekuuliza, Baba."

"Simjui," alisema, akaenda kulala, na jua bado lilikuwa juu.

Jioni ile Mama Kitako alibaki karakana peke yake. Alikuwa na kitako cha bunduki ya mteja kimebanwa kwenye jiliwa, akikisugua, na mwanga wa mwisho uliingia dirishani ukiwa mwekundu. Mara ya kwanza alidhani ni mwangwi wa msasa wake mwenyewe, kwa sababu aliposugua kitu kingine kilisugua, na aliponyamaza kikanyamaza. Lakini aliponyamaza mara ya pili hakikunyamaza, kiliendelea, krr, krr, taratibu, kama mkono unaopapasa mbao ukitafuta mahali, na alipoinua macho aliona droo ya kwanza ya meza ikifunguka yenyewe, bila haraka, ikafungwa, ya pili ikafunguka, ikafungwa, kisha kabati la vyuma, kisha sanduku la vitambaa, kila kitu kikifunguliwa na kutazamwa na kurudishwa kwa adabu kama anavyofanya mtu aliye ndani ya nyumba isiyo yake, na harufu ya majani ikapanda mpaka macho yakamwasha, na pumzi, pumzi ya mtu aliyetembea mbali, ikaja ikasimama karibu kabisa na sikio lake la kushoto, na sauti ya mwanamke, ya chini, iliyokwaruzika, sauti ya mtu aliyeuliza swali lilelile katika nyumba nyingi mno, ikasema:

"Yuko wapi?"

Hakujua alivyofika chumbani. Alijikuta amemshika mumewe kifuani, anamtikisa.

"Sema! Leo utasema! Umefanya nini wewe?"

Mzee Moja alikaa kitandani. Hakuwasha taa. Alisema huku akitazama ukutani.

"Ilikuwa saa tatu asubuhi. Niliona swala mdogo kwenye majani marefu, anakula. Nilikaa chini. Nilimtazama nusu saa nzima. Mama, sijawahi kumtazama mnyama muda mrefu namna ile. Masikio, shingo, mkia, vyote nilivihesabu. Nikasema, huyu nimemjua. Nikafyatua."

Akavuta shuka magotini.

"Endelea."

"Nilipofika alikuwa mtoto."

Mkewe alimwachia kifua.

"Si mtoto wa watu," alisema upesi. "Macho yake yalikuwa marefu, na kivuli chake kililala upande wake, si upande wa vivuli vingine. Kimo hiki hapa. Ilimpata chini ya mbavu. Nilijaribu kumbeba. Kila nikimwinua alikuwa kama maji, ananimwagika mikononi, na akipiga kelele ardhi inatetemeka. Nikamlaza. Hakufa, Mama. Mimi niliyekuwa nawaambia watu risasi moja ni heshima. Hakufa, na sikuwa na ya pili."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua lilipozama."

"Toka saa tatu?"

"Toka saa tatu. Nilikaa naye. Nilimfunika koti langu. Alikuwa akiita. Lugha ya kwao siijui, lakini neno hilo halihitaji mkalimani. Alimwita mama yake siku nzima, na mimi ndiye niliyekuwa namwitikia. Kuna wakati alinyoosha mkono akakishika kitako cha bunduki, akakikamata hivi, nadhani alitaka kushika kitu tu. Jua lilipozama koti likashuka. Nikalifunua, chini yake majani matupu, yamelala."

Mama Kitako aliitazama mikono yake mwenyewe. Vumbi lilikuwa bado kwenye kucha.

"Lile doa," alisema. "Ulikuwa mkono wake."

"Ulikuwa mkono wake."

"Nimeufuta kwa msasa."

Alianza kulia, na Mzee Moja hakuthubutu kumgusa.

Asubuhi Mama Kitako alikwenda kumwita mkunga. Alikuwa bibi aliyestaafu zamani, mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Mtaani walisema nusu ya watu aliwazalisha yeye, na nusu iliyobaki aliwatolea mashetani. Aliingia karakana na mkoba wake wa ngozi, akazunguka polepole, akanusa meza, akaweka kiganja juu ya kitako cha bunduki, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akaomba kiti.

"Nimetoa majini wakali, wanangu," alisema. "Wengine wananitukana mpaka kwa babu zangu, nawatukana na mimi, tunaachana. Huyu simwoni ukali. Huyu amefiwa."

"Mtoe," alisema Mzee Moja.

"Kumtoa naweza. Ubani, kisomo, siku tatu. Ataondoka. Ila ujue unachofanya. Miaka hii yote amepita nyumba kwa nyumba, na wao siku zao si kama zetu, pengine kwake ni kama jana. Mkeo alipousugua ule mkono, harufu ya mtoto wake ilitoka, akaifuata. Kila mchana anaifungua bunduki kuangalia ndani, kwa sababu mtoto wake alipotelea kwenye mdomo wa bunduki hiyo. Anachotoa humo ni ganda tupu. Analiweka mezani mlione. Ndiyo lugha aliyo nayo."

"Anataka nini?" mke aliuliza.

"Anauliza, basi."

"Na tukimjibu?"

Mkunga alisugua magoti yake. "Hapo sasa ndipo siwadanganyi. Ukimfukuza, ni mimi na yeye. Ukimjibu, umeanza mazungumzo na mtu usiyemjua anavyoyamaliza."

"Mtoe, shangazi," Mzee Moja alirudia. "Nakuomba. Siwezi kumtazama mama yake."

Mama Kitako alisimama. Alikuwa mwanamke wa sauti ya kawaida, mcheshi, na mumewe hakuwa amemsikia akizungumza hivi tangu siku ya barua.

"Mimi nimeandika barua ngapi, Baba? Unazijua. Sikuomba wamrudishe mwanangu. Sikuomba hata waniambie amelala wapi. Niliomba mtu mmoja tu aniandikie, nilikuwepo, alisema hivi, alifumba macho hivi. Muuguzi, mfagizi, yeyote. Na hata leo usiku nikilala nasema, labda alikuwa peke yake. Labda aliita. Wewe umelala kando yangu miaka mitatu, unasikia ninavyogeuka kitandani, na ndani yako umebeba jibu la mama mwingine!"

"Jibu langu ni baya."

"Baya si sawa na hakuna."

Mkunga aliufunga mkoba wake bila kutoa kitu.

Saa nane ilipokaribia walikaa watatu karakana, mlango umefungwa, Mzee Moja katikati kwenye stuli yake ya kazi. Nje palikuwa mchana mweupe, redio ya jirani ikiimba, mtu akigonga bati mahali fulani. Kisha redio ikawa kama imezama majini. Bati likanyamaza. Harufu ya majani ikaja, na bunduki ikafunguka ukutani kwa sauti ile ndogo, na mbele ya macho yao ganda likatoka, likashuka hewani polepole kama linaloshikwa na vidole, likawekwa mezani mbele ya mzee.

"Yuko wapi?"

Mzee Moja aliweka viganja magotini. "Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyefyatua. Lakini hakuumia. Alikwenda palepale. Hakujua hata—"

Kioo cha dirisha kilipasuka kutoka juu mpaka chini. Tupa na bisibisi zote ukutani zilianza kugongana, na sakafu ikainuka na kushuka kama kifua.

"Sema kweli!" mkewe alipiga kelele. "Baba, mama hadanganywi! Sema kweli!"

Naye akasema. Alisema yote, kuanzia saa tatu, na kadiri alivyosema vyuma vilitulia kimoja kimoja. Alisema jinsi alivyomtazama kwa nusu saa na kuwa na uhakika, na jinsi uhakika ule ulivyokuwa fahari tupu, kwamba alipenda kuitwa jina lake, alipenda vijana wamtazame akiitoa ile risasi moja mfukoni mwa shati, na kwamba kama angekuwa na ya pili angeweza angalau kumfupishia, na kwamba hakuwa nayo kwa sababu ya sifa. Alisema mtoto alilia. Alisema alimwita nani, na mara ngapi, na kwamba kuelekea mchana sauti ilikuwa ndogo hivi, na jioni ilikuwa midomo tu. Alisema nzi walikuja akawafukuza kwa kofia. Alisema aliweka koti, akalichomeka pembeni upepo usiingie, na kwamba kila alipoita yeye alimjibu, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumjibu, na kwamba hakuondoka hata kwenda kunywa maji, mpaka mwisho, mpaka jua lilipozama.

Alipomaliza kulikuwa kimya hivi kwamba Mama Kitako alisikia kope zake zikifunga.

Kisha, karibu nao, mtu alilia. Hakukuwa na la kutisha katika kilio kile. Alilia kama wanavyolia wanawake wote, kwa kuvuta pumzi na kuikosa. Mama Kitako, bila kufikiri, aliunyoosha mkono hewani, na kitu baridi, chembamba kama majani, kiliushika, kikaukamata sana, kikauachia.

"Hakuwa peke yake?" sauti iliuliza.

"Hakuwa peke yake," alisema Mzee Moja, machozi yakimtiririka. "Naapa. Nilikuwepo."

"Basi asiwe peke yake."

Harufu ikaondoka mara moja, kama mlango uliofungwa. Redio ya jirani ikarudi katikati ya wimbo. Mkunga alivuta pumzi ndefu, akasimama, akapita kila pembe, akanusa.

"Amekwenda," alisema. "Nyumba iko safi. Harudi tena huyu. Pole, mwanangu. Umefanya la kiume."

Mzee Moja hakugeuka.

"Mzee," mkewe alisema. "Umemsikia shangazi?"

Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mtoto aliyelala chumba cha mbali. Mama Kitako alimgusa bega, naye mzee akashtuka, akamtazama midomo.

"Mnasema?" aliuliza. "Mbona mnasema bila sauti?"

Daktari alimwangalia masikio akasema ni mazima. Hakusikia mlango, hakusikia mvua, hakusikia mkewe akimwita kutoka nyuma yake. Wiki ya pili aliifunga bunduki yake kwenye jiliwa, akaukata mtutu vipande vitatu kwa msumeno wa chuma, na kelele ile iliwaleta majirani mpaka mlangoni, yeye akiwa ametulia kama anayekata mkate. Kitako cha mbao Mama Kitako alikizika nyuma ya nyumba, kwenye shimo refu, peke yake, akarudi ndani akaosha mikono.

Wateja waliendelea kuja. Wengine bado waliulizia zile za risasi moja, walisikia mzee alikuwa mjuzi wake, walitaka tu kumsikia akizieleza. Mkewe aliwaambia mzee hasikii siku hizi. Hakuwaambia mengine.

Kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja mzee alichokisikia. Alimweleza mkewe mwezi wa kwanza, kwa aibu, kwa sauti kubwa mno kama wasiosikia wanavyosema. Kilianza kila siku saa tatu asubuhi, na kiliisha jua likizama. Mchana kilikuwa kidogo, kuelekea jioni kilikuwa karibu kupotea kabisa. Na kila kilipoita, alijibu. Angekuwa anakula, angeweka kijiko chini na kujibu. Angekuwa na tupa mkononi, angesimama. Mama Kitako alijifunza kumsubiri. Alijifunza kuandika aliyotaka kusema kwenye karatasi za oda, na kumsogezea.

Usiku, saa zile kilipokuwa kimya, walikaa kitandani mkono kwa mkono. Hawakuwa na la kusema, na mmoja wao asingelisikia.

Mzee alizeeka upesi. Mwaka ule nywele zake zote ziligeuka, na pumzi ikaanza kumpiga chenga akipanda ngazi mbili za mlangoni. Siku moja, alasiri, alikuwa amekaa karibu na dirisha, amechoka, akijibu kwa kunong'ona tu, midomo ikienda. Kisha alimgeukia mkewe na kumtazama, akiwa na hofu ambayo hakuwa nayo hata siku ile karakana.

"Mama," alisema. "Mimi nikifa, nani atamjibu?"

Mkewe alichukua kalamu. Alifikiri. Akaandika maneno mawili, akamsogezea karatasi: Mama yake.

Mzee Moja aliyasoma, akatikisa kichwa.

"Mama yake hamsikii," alisema. "Angekuwa anamsikia, angekuja kwetu kuuliza?"

Akageuza uso dirishani, kwa sababu alikuwa ameitwa tena.